Haki ya Mwenda kwa Miguu

Kabla hujajua kusoma, msomaji, ulijua kutembea. Siku uliposimama dede kwa mara ya kwanza nyumba nzima ilishangilia. Mama aliacha chungu mekoni, jirani akaitwa, na hatua zako mbili tatu za kupepesuka zikasifiwa kana kwamba hapana mtoto mwingine duniani aliyepata kufanya mfano wake. Hakuna cheti wala tuzo uliyoipata baadaye iliyopokewa kwa furaha safi kuliko ile. Basi ni ajabu kwamba miguu ile ile iliyopigiwa makofi ndani ya nyumba, ikitoka nje na kuingia katika barabara ya mji mkubwa, hudharauliwa. Mtu akiulizwa amekujaje, naye akawa amekuja kwa miguu, hujibu kwa sauti ya chini kama aungamaye kosa.

Nataka kuuliza swali moja katika insha hii, nami naomba uliulize pamoja nami. Mtu aendaye kwa miguu, au kwa baisikeli, ana haki gani katika njia za mji? Je, ni mwenyeji wa njia, au ni mgeni anayevumiliwa tu? Yamkini utasema kwamba hili ni jambo la wahandisi na askari wa barabarani, si jambo la wanafunzi wala la falsafa. Mimi pia nilidhani hivyo kwa miaka mingi, mpaka swali lenyewe lilipoingia darasani mwangu.

Nilipokuwa mwalimu mpya, nimetoka chuo cha ualimu juzi juzi na ningali nikiamini kwamba ukali ni nusu ya elimu, nilikuwa na msemo nilioupenda wa kuwatisha wanafunzi wavivu. Niliwaambia, "Someni, la sivyo mtakwenda kwa miguu maisha yenu yote." Darasa lilicheka, nami nilifurahi kwa kuwa lilicheka. Sikuona kwamba katika wanafunzi arobaini na wawili waliokuwa mbele yangu, zaidi ya thelathini walikuwa wamekuja shuleni kwa miguu asubuhi ile. Na kwamba baba na mama zao walikwenda kazini kwa miguu. Na kwamba kwa maneno yale niliwafundisha kuwatazama wazazi wao kama watu walioshindwa na maisha.

Katika darasa hilo palikuwa na kijana aliyechelewa karibu kila siku. Shule ilikuwa kando ya njia kuu mojawapo ya Nairobi, nayo nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya njia hiyo. Ukisimama penye lango letu uliweza kuona mabati ya mtaa wao. Kwa sababu hiyo kuchelewa kwake kuliniudhi maradufu. Nilimpa adhabu ya kufagia ua. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake. Nilimwandikia mzazi wake barua, na ya pili, na ya tatu. Kijana hakujitetea hata mara moja. Baada ya barua ya tatu mama yake alikuja, akanisalimu kwa adabu, akasema, "Mwalimu, nakuomba siku moja uje kwetu alfajiri, umlete shuleni wewe mwenyewe." Nilidhani ananikejeli. Nilimtazama usoni, nikaona kwamba hakuwa na kejeli yoyote.

Nilikwenda. Tuliondoka kwao saa kumi na mbili unusu, ukungu ukingali umetanda. Kando ya lami hapakuwa na njia ya miguu, ila mtaro upande mmoja na tope upande wa pili, na katikati yake ukanda mwembamba wa udongo ambao matatu zenye haraka ziliupanda kila msongamano ulipozidi. Tulitembea mmoja nyuma ya mwenzake, kijana mbele, mimi nyuma. Kila honi ilipolia aliruka mtaroni kwa wepesi wa mtu aliyezoea, nami niliruka kwa uzito wa mtu asiyezoea. Tulifika mkabala wa lango la shule. Lilikuwa mbele ya macho yetu, hatua hamsini hivi. Lakini daraja la waenda kwa miguu lilikuwa mbali, karibu na kituo cha mabasi. Tukalifuata, tukapanda, tukageuka, tukapanda tena, tukavuka juu ya magari, tukashuka, tukarudi nyuma upande wa pili. Nilikuwa nikihesabu. Hatua hamsini zilikuwa zimezaa hatua 1,610.

Nilimuuliza kama hupita darajani kila siku. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nikiwahi kutoka nyumbani, napita. Nikichelewa, navuka chini. Nakuogopa wewe, Mwalimu, kuliko magari."

Jibu hilo sikufundishwa chuoni namna ya kulipokea. Adhabu zangu, nilizozitoa kwa jina la nidhamu, zilikuwa zikimsukuma mtoto wa watu katikati ya malori. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza juu ya njia na haki, na haya yafuatayo ndiyo niliyoyapata.

Wahenga walisema, "Mwenye nguvu mpishe." Methali hii ni ya kweli, wala sina nia ya kuikanusha. Lori likija, mpishe. Lakini yafaa tujue ni methali ya namna gani. Ni shauri la busara, si hukumu ya haki. Yamwambia mnyonge afanye nini ili apate kuishi; haimwambii mwenye nguvu kwamba atumiapo nguvu zake ametenda halali. Mtu akikuonya usilale chini ya mnazi, hakusema kwamba nazi ina haki ya kukupasua kichwa. Na nazi haina akili wala breki; dereva anavyo vyote viwili.

Kosa letu ni kulichukua shauri na kuligeuza sheria. Mtoto hufundishwa kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena kabla ya kuvuka. Mafunzo hayo ni mema, nami huyafundisha. Lakini sikiliza yasemwayo mtoto agongwapo. Swali la kwanza ni, "Je, alitazama?" Ni mara chache kumsikia mtu akiuliza kwa nini njia imejengwa hata mtoto aliyesahau mara moja tu hana budi kufa. Kusahau ni tabia ya utoto. Kila mtu mzima asomaye ukurasa huu alisahau mara mia, akasamehewa. Njia isiyosamehe ni njia mbaya, hata kama lami yake yang'aa.

Chukua mfano ulio karibu nawe. Saa ya mapumziko mpishi wa shule hupita uani na sufuria la uji unaotokota, na ua umejaa watoto wakimbiao. Ni kweli kwamba hupaza sauti, "Uji moto! Pisheni!" na ni wajibu wa watoto kupisha. Lakini mtazame mpishi mwenyewe. Hapigi mbio. Hupunguza mwendo, huangaza macho huku na huku, na akiona mtoto mdogo asiyesikia, husimama. Kwa nini yeye asimame, naye ndiye mwenye kazi na haraka, hali mtoto yuko katika mchezo tu? Kwa sababu yeye ndiye aliyeleta uji wa moto kati ya watu. Ua ulikuwa salama kabla hajaingia. Aliyeleta hatari ndiye adaiwaye uangalifu mwingi zaidi, na deni hilo halimhamii mtoto kwa kuwa mpishi amepiga kelele. Sijui mwanafunzi hata mmoja awezaye kukataa hukumu hii penye uji. Nashangaa ni wangapi huikataa penye motokaa.

Na hatari yenyewe yaweza kupimwa. Wanafunzi wa fizikia wanajua kwamba nishati ya kitu kiendacho haiongezeki sawasawa na mwendo wake, bali kwa mraba wake. Gari likiongeza mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho uliowekwa na sheria ya Kenya mijini, hata kufikia kilomita 100, pigo lake halikuwa mara mbili, limekuwa mara nne. Fikiri sasa juu ya njia yenye safu nane za magari, kila safu ikiwa na upana wa mita tatu na nusu. Hizo ni mita 28. Mtu mzima mwenye afya atazivuka kwa muda wa sekunde 22 hivi. Katika muda huo gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita karibu mita 490. Bibi kizee mwenye kikapu, aendaye nusu ya mwendo huo, apaswa kulipima kwa macho gari lililo umbali wa karibu kilomita moja, katika safu nane, katika pande mbili, na kama ni jioni, katika giza. Rubani wa ndege hatakiwi kufanya hesabu ya namna hiyo bila chombo cha kumsaidia.

Utasema, "Ndiyo maana madaraja yalijengwa." Vema. Daraja huokoa roho, na apitaye chini yake kwa uvivu, au kwa kuwa amelewa, au macho yake yakiwa kwenye simu, ajidhulumu nafsi yake na humdhulumu dereva pia, maana dereva amwuaye mtu bila kutaka huubeba mzigo huo daima. Sitaki kuwafanya waenda kwa miguu kuwa malaika. Wapo wapanda baisikeli waendao usiku bila taa, tena kinyume cha magari. Walakini, tazama daraja linasema nini bila kusema. Kati ya wawili, mmoja ameketi kitini na mguu wake wa kulia wafanya kazi yote. Mwingine amebeba debe la maji, au mtoto mgongoni, au umri wa miaka sabini. Tumeamua kwamba huyu wa pili ndiye apande ngazi, ili yule wa kwanza asipoteze nusu dakika. Labda mahali pengine hapana njia nyingine. Lakini tuamuapo hivyo tukiri kwamba tumeamua, na kwamba mzigo tumempa yule asiyeweza kuubeba. Tusiseme ni maumbile ya barabara.

Kuna hoja niliyoisikia mara nyingi katika chumba cha walimu, hasa tangu baadhi yetu walipoanza kununua motokaa kwa mikopo ya vyama vya ushirika. Husemwa kwamba mwenye motokaa hulipa ushuru wa petroli unaotengeneza barabara, naye mwenda kwa miguu halipi kitu. Basi barabara ni ya mlipaji. Hoja hii ina sura ya akili, lakini haina mizizi. Kwanza si kweli kwamba mwenda kwa miguu halipi. Kabichi aliyoinunua jana ililetwa na lori, na ushuru wa petroli ya lori umo katika bei ya kabichi. Hulipa bila kupewa risiti. Pili, hata kama asingelipa hata senti moja, hatugawi mambo ya watu wote kwa kipimo hicho. Mahakama haimsikilizi tajiri asubuhi na maskini jioni. Shule ya serikali haimweki mbele mtoto wa mlipa kodi nyingi. Katiba yetu ya mwaka 2010 inamhakikishia kila mtu uhuru wa kwenda apendako, wala sikuona humo kwamba uhuru huo una magurudumu.

Tena hesabu ya watu ni kinyume cha vile tunavyodhani. Ukisimama kando ya njia utaona magari tu, kwa kuwa gari ni kubwa na lina kelele. Lakini uchunguzi uliofanywa Nairobi umeonyesha kwamba takriban safari nne katika kila kumi hufanywa kwa miguu tangu mwanzo hadi mwisho, na safari zilizobaki kwa sehemu kubwa ni za matatu, ambazo nazo huanza na kuisha kwa miguu. Wenye motokaa zao ni wachache. Na tukienda katika hesabu ya huzuni, Kenya imepoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka barabarani tangu 2021, na katika waliokufa hakuna kundi kubwa kuliko waenda kwa miguu. Wao ndio walio wengi, wao ndio wasiomdhuru mtu, na wao ndio wazikwao.

Mwaka 2022 ilifunguliwa Nairobi njia ya juu yenye urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ambayo dereva huipita kwa kulipa. Mwenda kwa miguu haruhusiwi kuipanda, na ni sawa, maana si mahali pa miguu; siilaumu kwa hilo. Nataka utazame chini yake tu. Saa kumi na moja jioni watu hutoka katika eneo la viwanda kama mto, mafundi, washonaji, wapakiaji wa mizigo, wakielekea makwao kwa safari ya saa nzima au zaidi. Juu yao gari moja hupita na mtu mmoja ndani yake. Wao huenda bega kwa bega katika vumbi, na mahali njia ya miguu inapokatika ghafula, nao hukata kwenda barabarani, hapo ndipo dereva hushusha kioo na kuuliza kama wana akili. Mwaka 2015 jiji lilitoa sera iliyoahidi asilimia 20 ya fedha za uchukuzi kwa ajili ya waenda kwa miguu na wapanda baisikeli. Ahadi ilikuwa njema kabisa. Katika miaka ya 2020 na 2021 njia za miguu za katikati ya mji zilipanuliwa, na yeyote aliyepita Kenyatta Avenue na mtaa wa Wabera zamani na akapita sasa ataona tofauti. Lakini maskini hakai Kenyatta Avenue. Tembea kutoka hapo kuelekea mitaa wanakolala watu, utaona mahali ambapo ahadi ilichoka.

Usidhani, msomaji, kwamba mji hauna budi kuwa hivi. Nchi yetu yenyewe ina mji mkongwe uliojengwa kwa kipimo kingine. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia, una njia kuu ya ndani iitwayo kwa Kiamu Usita wa Mui, yaani njia ya mji, nayo ni nyembamba hata mgeni hudhani amepotea uchochoroni. Aliyeijenga alikuwa na vipimo viwili akilini: bega la mtu na ubavu wa punda mwenye shehena. Kuta ndefu za mawe ya matumbawe hutia njia kivuli saa za jua kali. Penye milango pana baraza za kukalia, na mpita njia hana budi kusalimu na kusalimiwa, maana hawezi kupita mbali na uso wa mtu. Katika njia kama hiyo huwezi kumdharau usiyemjua kwa sababu humpiti kwa haraka ya kutosha kumdharau. Sisemi kwamba Lamu ni pepo. Punda wengi wameteswa huko, hata ikafunguliwa hospitali ya punda mwaka 1987, na kumfikisha mgonjwa mahututi kwa daktari ni kazi nzito. Tena pikipiki zimekwisha kubisha hodi kisiwani. Wala sisemi Nairobi, yenye watu zaidi ya milioni nne kwa hesabu ya 2019, igeuzwe Lamu. Nasema tu kwamba kila njia ina mtu aliyekuwa katika mawazo ya mjenzi. Lamu mtu huyo alikuwa na miguu.

Wengine hujibu kwamba mambo haya ni ya miji ya kale, na mji wa kisasa hauwezi kurudi nyuma. Wanaposikia kwamba Waholanzi wengi huenda kazini kwa baisikeli, husema ni desturi yao, walizaliwa nayo. Sivyo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili Uholanzi ilizikimbilia motokaa kama nchi nyingine zote, ikabomoa mitaa ili kuzipa nafasi, na baisikeli zikasukumwa pembeni. Mwaka 1971 waliuawa zaidi ya watu 3,000 katika barabara za nchi hiyo ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwandishi mmoja wa gazeti, aliyefiwa na bintiye kwa ajali, aliandika kwa uchungu, na kutokana na maneno yake likatokea kundi la wazazi lililojiita Stop de Kindermoord, maana yake, komesheni mauaji ya watoto. Angalia jina lile. Hawakusema ajali, walisema mauaji. Na katika mtaa wa De Pijp mjini Amsterdam, mwaka 1972, wanafunzi wadogo kuliko wewe waliifunga barabara yao kwa mikono yao wenyewe wakidai mahali pa kucheza, na baadhi ya watu wazima waliojaribu kupita kwa motokaa walikasirika sana.

Nchi hiyo haikubadilika kwa siku moja. Ilichukua miaka, mabishano, na uhaba wa mafuta wa mwaka 1973 ulioifanya serikali kuyapiga marufuku magari siku za Jumapili. Lakini njia zilijengwa upya, moja baada ya moja, na sheria ya fidia ikawekwa upande wa mnyonge: gari likimgonga mwenda kwa miguu au mpanda baisikeli, mzigo wa kulipa humwangukia kwanza mwenye gari, na kama aliyegongwa ni mtoto aliye chini ya miaka 14, hulipwa fidia yote hata kama mtoto alikosea. Hii ndiyo hukumu ya mpishi na uji, iliyoandikwa katika vitabu vya sheria. Katika miaka ya karibuni wanaokufa barabarani huko hawafiki 800 kwa mwaka, ingawa watu wa nchi wameongezeka kwa mamilioni. Kule Bogotá, Kolombia, nchi isiyo na utajiri wa Uholanzi, zaidi ya kilomita 120 za barabara hufungwa kwa magari kila Jumapili, watu wakapita kwa miguu na baisikeli. Jambo hilo lilianza tangu miaka ya sabini.

Baisikeli si ngeni kwetu pia. Neno boda boda, ambalo leo lakuletea sauti ya pikipiki masikioni, lilizaliwa penye mpaka wa Kenya na Uganda, kule Busia, ambako vijana waliwapakia abiria juu ya baisikeli kuwavusha kutoka mpaka hadi mpaka. Chombo hiki kina sifa ya pekee: kwa jasho lile lile la mwenda kwa miguu, mpandaji hufika mara tatu mbali. Hakinywi mafuta na hakimpigii kelele mgonjwa aliyelala. Kijana wa Nairobi akinunua baisikeli leo, mama yake hamwombei isiibwe. Humwombea mwanawe arudi.

Nirudi kwenye dharau, maana naona ndiyo shina, na njia mbovu ni matawi yake. Sisi ni taifa linalojivunia miguu. Mwaka 2019 Eliud Kipchoge alipokimbia mbio za marathoni mjini Vienna kwa saa moja, dakika 59 na sekunde 40, nchi nzima ilisimama mbele ya televisheni kumtazama mtu akienda kwa miguu katika barabara iliyofungwa kwa ajili yake. Mtaa wa Kariokor hapo Nairobi una jina la kikosi cha wachukuzi wa vita vya 1914 hadi 1918, Waafrika waliobeba mizigo ya jeshi vichwani kwa mamia ya maili, na wengi hawakurudi. Miguu ya bingwa twaishangilia, miguu ya marehemu twaihifadhi katika jina la mtaa. Miguu ya fundi arudiye nyumbani jioni twaipigia honi. Nani alitufundisha tofauti hii? Kwa upande wangu najua ni nani aliyewafundisha wanafunzi arobaini na wawili. Siku iliyofuata safari yangu na yule kijana nilisimama mbele ya darasa nikaufuta ule msemo wangu, nikaomba radhi. Hawakucheka safari hii. Nadhani waliona haya kwa niaba yangu, na hiyo ilikuwa adhabu ya kutosha.

Daftari la wachelewao lilibadilishwa kidogo. Mwalimu mkuu alikubali kwamba watokao ng'ambo wapewe dakika ishirini. Wazazi waliandika barua kwa wahusika, wakaandika tena. Baada ya muda mrefu kuliko nilivyotaraji yaliletwa matuta mbele ya lango, ikachorwa mistari myeupe ya kuvukia. Asubuhi ya kwanza nilikwenda upande wa pili kumngoja kijana ili tuvuke pamoja. Tulisimama ukingoni. Matatu mbili zilipita zikiruka matuta, kisha motokaa ndogo ya kijivu ikapunguza mwendo, ikasimama kabisa mbele ya mistari. Niliinua mguu. Kijana alinishika mkono wa koti.

"Ngoja, Mwalimu," alisema. "Hiyo imeharibika."

Dereva alitoa mkono dirishani akatuashiria tupite. Kijana bado hakuamini. Alinitazama mimi kwanza.